Ndege ndogo ya tairi la mbele kwenye viwanja vya nyasi vibovu: namna ya kuingia na kutoka bila kuvunja kitu

Tairi la mbele kwenye ndege ndogo liko pale kukusaidia kukata kona ukiwa unatembea taratibu ardhini na kushikilia propela isiguse chini, kazi yake inaishia hapo. Kubeba uzito kwenye mashimo ukiwa na kasi ni kazi ya matairi makubwa mawili yaliyo chini ya kabini. Kwahiyo kama unataka kupeleka Cessna 172, 182, 206 au Piper Cherokee kwenye uwanja wa nyasi wenye mabonde mabonde, karibu kila kitu ntakachokwambia hapa kinarudi kwenye jambo moja, lipunguzie uzito tairi la mbele muda wote, kuanzia unapowasha injini mpaka unapozima. Ukisukuma toroli lenye mzigo alafu tairi likaingia kwenye kashimo unajua linavyozama na toroli zima linavyotaka kupinduka kwenda mbele, ndege iliyolemea puani inafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mbele ya hilo tairi kuna propela inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika.

Na kwenye Cessna nyingi mguu wa mbele umefungwa kwenye faya-woli, yani ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na watu. Ukitua kwa pua ukadhani imepita salama kwa sababu ndege imesimama wima, unaweza ukakuta ule ukuta umejikunja na hapo unaongelea matengenezo makubwa sana, 182 inajulikana kwa hilo kwa sababu injini yake ni nzito na pua inapenda kushuka mapema.

Hii kitu usiisome alafu ukaenda kujaribu peke yako wikiendi. Tafuta mwalimu anayerukia nyasi mara kwa mara, anzeni kwenye uwanja wa nyasi mrefu, mkavu, uliotunzwa, fanyeni mpaka mikono izoee, ndo uje kwenye vile vibovu. Pia pata ruhusa ya mwenye uwanja na usome bima yako inasemaje kuhusu viwanja visivyo na lami, zipo zinazokataa kabisa.

Hatua ya 1. Andaa ndege

Anza na shokapu ya mguu wa mbele. Hii ina mafuta na hewa (au naitrojeni) ndani, ikipungua hewa inakaa chini, na ikikaa chini propela nayo inashuka. Kanuni za Marekani za kutengeneza ndege ndogo zilidai kwa miaka mingi kwamba ndege ya tairi la mbele ikiwa imesimama na mzigo wake wa kawaida, propela iwe juu ya ardhi angalau inchi 7, yani kama sentimita 18. Sasa fikiria, sentimita 18 ni pungufu ya urefu wa rula ya mwanafunzi, na hapo shokapu ni nzima na tairi lina presha yake. Shokapu ikilegea na tairi likiwa na upepo mdogo unabaki na nafasi ambayo tuta dogo tu linaimaliza. Bonyeza pua chini kidogo uone kama inarudi juu yenyewe, angalia mafuta yanayovuja kwenye ile sehemu inayong'aa, ifute kwa kitambaa safi maana mchanga ukiganda pale unakata sili.

Presha ya matairi ifuate kitabu cha ndege yako, usibahatishe. Wapo wanaopunguza upepo ili tairi litanuke kwenye ardhi laini, mimi siungi mkono hilo kwenye ndege ya kawaida, tairi likiwa na upepo kidogo linaweza kuteleza kwenye rimu ukifunga breki likakata kishina cha tyubu, alafu tena propela inashuka. Ukitaka tairi pana weka tairi pana lililoidhinishwa kwa ndege hiyo, 172 nyingi zina saizi 6.00-6 nyuma na 5.00-5 mbele, na kwa 182 na 206 kuna foku nzito (uma unaoshika tairi) ya mguu wa mbele inayobeba 6.00-6. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na makaratasi yake.

Madigadi ya matairi, vile vifuniko vya plastiki vya urembo na kasi, toa kama utaenda kwenye tope au nyasi ndefu. Vinajaa udongo na nyasi mpaka tairi linashindwa kuzunguka. Ila ukivitoa angalia kitabu kinasemaje kuhusu uzito na kasi ya safari, inapungua noti kadhaa (noti ni maili ya baharini kwa saa) na mafuta ya safari inabidi uyahesabu upya.

Alafu mzigo. Hapa watu wengi wanapapita haraka na ndo penye faida kubwa ya bure. Watu wawili wazito mbele, viti vya nyuma vitupu, mafuta nusu, hapo uzito wote uko puani na ukija kutua unavuta usukani mpaka tumboni lakini pua inashuka tu kwa sababu elevata (bati la mkiani linaloinua na kushusha pua) haina nguvu ya kuishikilia kwenye kasi ndogo. Hamishia begi, maji na vifaa vya kufungia ndege sehemu ya mizigo nyuma, vifunge vizuri visiteleze, ukae ndani ya mipaka ya kitabu. Nasema ndani ya mipaka, ndege iliyolemea nyuma kupita kiwango ni hatari zaidi ya ile iliyolemea mbele, hiyo haina mjadala.

Na beba kidogo. Lita 100 za petroli ya ndege ni kama kilo 72. Kama safari inahitaji lita 80 pamoja na akiba halali usijaze tenki kwa mazoea.

Hatua ya 2. Piga hesabu nyumbani, sio uwanjani

Namba za kitabu zimepimwa kwenye lami kavu, ndege mpya, rubani wa majaribio. We una nyasi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imeshatoa vizidisho vizuri sana kwa ndege ndogo na mimi navitumia kama msingi: nyasi kavu isiyozidi sentimita 20 juu ya udongo mgumu, zidisha umbali wa kuruka kwa 1.2 na wa kutua kwa 1.15. Nyasi ikiwa imelowa, kuruka 1.3 na kutua 1.35, na kama ni nyasi fupi sana iliyolowa kutua kunaweza kufika 1.6 kwa sababu inateleza vibaya. Ardhi laini ongeza 1.25 au zaidi. Mlima wa asilimia 2 unaongeza asilimia 10 kwenye kuruka. Uzito ukizidi kwa asilimia 10 umbali wa kuruka unapanda asilimia 20. Upepo wa mgongoni unaolingana na asilimia 10 tu ya kasi ya kunyanyuka, yani noti 5 na ushee kwa ndege inayonyanyuka kwa 55, nao unaongeza asilimia 20. Juu ya yote kuna kizidisho cha usalama, 1.33 kuruka na 1.43 kutua.

Hivi vinazidishana, havijumlishwi, na watu wanakosea hapo. Chukua ndege ambayo kitabu kinasema inahitaji mita 500 kuruka na kuvuka kizuizi cha futi 50. Nyasi kavu, 500 mara 1.2 ni 600. Uwanja unapanda asilimia 2, inakuwa 660. Weka usalama wa 1.33, unafika karibu mita 880. Usiku mvua imenyesha, nyasi imelowa na ardhi imelainika: 500 mara 1.3 mara 1.1 mara 1.25 mara 1.33, hapo unaongelea karibu mita 1,190. Uwanja ni ule ule, ndege ni ile ile, jana ulitosha leo hautoshi.

Kama kitabu chako kina namba zake za nyasi anza nazo. Vitabu vingi vya Cessna 172 vinasema kwa nyasi kavu ongeza asilimia 15 ya ule umbali wa kukimbia ardhini wakati wa kuruka, na asilimia 45 wakati wa kutua. Ona hiyo tofauti, kwenye kutua nyongeza ni mara tatu, sababu ni kwamba tairi halishiki nyasi kama linavyoshika lami na breki inabaki haina kazi kubwa. Mimi nachukua namba iliyo kubwa kati ya kitabu na vizidisho, sichagui ile inayonifurahisha.

Joto na mwinuko navyo. Chukua uwanja ulio futi 5,000 mchana wa nyuzi 30. Joto la kawaida kwa mwinuko huo lingekuwa nyuzi 5 (unaanza na 15 usawa wa bahari unatoa 2 kila futi 1,000), umezidi nyuzi 25, kila nyuzi moja ni kama futi 120, kwahiyo ndege yako inajiona iko futi 8,000. Injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000. Na kitu kingine, mita ya kasi itakuonyesha namba zile zile ulizozoea ila kasi yako halisi juu ya nyasi imezidi kama asilimia 13, na nishati ya kugonga kila tuta na ya kusimamisha imezidi zaidi ya robo. Ndo maana asubuhi mapema ni rafiki wa viwanja hivi, isipokuwa umande, nyasi ya umande ihesabu kama nyasi ya mvua.

Hatua ya 3. Utembee uwanja mzima kwa miguu

Kama kuna namna yoyote ya kufika kwa gari kwanza, fika. Tembea urefu wote, nenda upande mmoja rudi upande mwingine, usiangalie kwa mbali ukasema panaonekana sawa. Nyasi inaficha kila kitu, visiki, mawe, mashimo ya wanyama, vichuguu ambavyo vinaota ndani ya muda mfupi, mtaro wa maji ya mvua uliokatiza uwanja. Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, kikizama weka alama. Nyasi ya kijani iliyokolea kuliko ya jirani yake mara nyingi ina maji chini, na ukiona aina nyingine kabisa ya majani yanayopenda maji, kaa mbali na hapo.

Urefu wa nyasi: isizidi kama asilimia 30 ya kipenyo cha tairi. Tairi la 5.00-5 lina kipenyo cha kama sentimita 36 kwahiyo mwisho wako ni kama sentimita 10 au 11. Ikizidi hapo omba ifyekwe. Vizidisho vya juu vinakubali mpaka sentimita 20 ila hiyo ni hesabu ya mwendo tu, propela yako na sentimita zake 18 haijakubali.

Kipimo cha zamani ambacho bado kinafanya kazi ni gari la kawaida, liendeshe uwanjani kama kilomita 50 kwa saa, ukiona unarushwa rushwa na unataka kupunguza basi ndege nayo itarushwa. Mimi naogopa zaidi matuta yaliyokatiza kwa mpangilio, kama mabaki ya shamba lililolimwa, kuliko shimo moja ninaloliona. Shimo moja unalikwepa, ila matuta yaliyopangana kwa umbali unaokaribiana na umbali wa tairi la mbele na la nyuma (172 ni kama mita 1.65) yanaifanya ndege ianze kuinama na kuinuka, kila tuta linaongeza, mpaka pua inashuka wakati tuta linapanda.

Hesabu hatua zako upate urefu halisi. Weka alama unayoweza kuiona ukiwa kwenye kiti, kitambaa cheupe au kopo la rangi, kwenye nusu ya uwanja, utaihitaji. Angalia mwisho wa uwanja kuna nini, na tafuta nguzo za umeme, usitafute nyaya, nyaya huzioni ila nguzo utaziona na kati ya nguzo mbili siku zote kuna waya.

Usipoweza kufika kwa gari utaukagua kutoka hewani, nao una utaratibu wake. Pita mara ya kwanza kama futi 500 uangalie mazingira, vizuizi, njia ya kutokea, upepo (moshi, majani ya miti, uso wa maji). Mara ya pili pita chini zaidi kidogo upande wa kulia wa uwanja ili we uliyekaa kushoto uuone kupitia dirisha lako, ukiwa na kasi ya kutosha na flapu (vibati vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili libebe kwa kasi ndogo) kidogo, bila kujisahau ukaangalia chini mpaka mti ukaja mbele. Urefu unaweza kuukadiria kwa saa, noti 60 ni kama mita 31 kwa sekunde, ukitumia sekunde 20 kutoka mwisho hadi mwisho hapo kuna kama mita 600. Fanya pande zote mbili upate wastani maana upepo unadanganya. Na ukikaguliwa kutoka hewani uwanja unaonekana mzuri kuliko ulivyo, siku zote.

Hatua ya 4. Kutembea ardhini

Vuta usukani nyuma mpaka mwisho na ukae hivyo, labda upepo mkali wa mgongoni tu ndo ubadilishe. Upepo wa propela ukipita kwenye elevata iliyoinuliwa unabonyeza mkia chini na tairi la mbele linapata nafuu. Kwenye ardhi laini usisimame, anza kutembea na uendelee kutembea, ukisimama itabidi uweke nguvu nyingi kuanza tena na nguvu nyingi inavuta pua chini na kunyonya mawe. Breki tumia kidogo iwezekanavyo, kila ukifunga breki uzito unakimbilia mbele. Usizunguke juu ya tairi moja lililofungwa breki, linachimba shimo na kupinda mguu, zunguka kwa mduara mpana.

Joto la kabureta (hewa moto ya kuzuia barafu kwenye kabureta) lisiwe wazi ukiwa ardhini zaidi ya kujaribu kidogo, kwenye ndege nyingi hewa hiyo haipiti kwenye chujio, unalisha injini vumbi na mbegu za nyasi. Jaribu magneto (vifaa vinavyotoa cheche za plagi) na propela ukiwa sehemu ngumu isiyo na mawe, kama hakuna basi jaribu huku unatembea polepole. Jiwe likipigwa na propela linaacha kovu kwenye ukingo, na kovu dogo ndo mwanzo wa ufa.

Ukikwama kwenye shimo, zima injini. Naandika tena, zima injini. Usiweke nguvu zote ujinasue, pua inazama propela inakula ardhi. Shusha watu, shusha mzigo, chimba njia mbele ya matairi, vuta kwa kamba iliyofungwa kwenye miguu mikubwa, sio wa mbele. Ukitaka kuinua pua bonyeza kiwiliwili cha ndege karibu na mkia kama kitabu kinaruhusu, usibonyeze yale mabawa madogo ya nyuma, bati lake ni jembamba.

Hatua ya 5. Kuruka

Maliza cheki zote kabla hujaingia sehemu laini. Flapu kama kitabu kinavyosema, kwa 172 za sasa ni nyuzi 10. Mwinuko ukiwa zaidi ya futi 3,000 na injini ni ya kawaida, punguza mafuta kwenye mchanganyiko kama kitabu kinavyoelekeza, injini iliyozidiwa mafuta haina nguvu na unaihitaji yote.

Ingia uwanjani ukiwa unatembea, panga ndege katikati, alafu sukuma throto (mkono wa nguvu za injini) taratibu mpaka mwisho bila kusimama. Kusimama umefunga breki na nguvu zote sio kwa uwanja wa mawe, unakusanya kila kokoto iliyopo. Usukani uko nyuma mpaka mwisho, na mapema tu, kabla ya kasi ya maana, pua itaanza kunyanyuka. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanaendelea kuvuta, pua inapanda juu sana, mkia unagusa chini au ndege inakaa na pua juu inajivuta haiongezi kasi. Pua ikinyanyuka legeza usukani kidogo kidogo, unachotaka ni tairi la mbele liwe hewani sentimita chache tu au linaelea kwenye nyasi bila uzito. Mguu wa kulia kwenye pedali uwe tayari, tairi la mbele likiwa hewani huna usukani wa ardhini na nguvu ya propela inavuta ndege kushoto.

Ndege itanyanyuka yenyewe ikiwa bado na kasi ndogo. Iache inyanyuke ila usipande! Karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa, bawa linabeba kwa urahisi zaidi, ukipanda ukatoka hapo na kasi ndogo msaada unaisha na ndege inarudi chini au inastoli, yani bawa linaacha kubeba. Shusha pua taratibu, kaa mita moja mbili juu ya nyasi, kasi ifike ya kupandia, ndo upande. Kama kuna miti mbele hapa moyo utakwambia vuta. Usivute, kasi ndo itakayokuvusha miti.

Ile alama ya nusu uwanja sasa. Ukifika pale ukiwa hujapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, funga throto. Kwa ndege inayonyanyuka kwa noti 55 hiyo ni kama 39. Sababu ni hesabu tu, nishati inaenda kwa mraba wa kasi, 0.7 mara 0.7 ni karibu nusu, kwahiyo nusu ya kazi iwe imeisha kwenye nusu ya umbali. Ila hiyo kanuni haijui kama nusu ya pili ya uwanja ina tope au mlima, wala haijui kuhusu miti, na kusimama kwenye nyasi iliyolowa kunataka nafasi kubwa. Kwenye uwanja wa hivyo mimi naisogeza alama karibu zaidi na mwanzo, na naisema kwa sauti kabla sijaanza ili abiria naye ajue tunaweza kusimama na sio ajabu.

Uwanja wenye mlima, kwa kawaida ruka kwa kuteremka na tua kwa kupanda, isipokuwa upepo uwe mkubwa wa kukataa, hapo subiri upungue.

Hatua ya 6. Kutua

Uwanja mwembamba au unaopanda unakudanganya uone uko juu sana, unashuka chini ya njia sahihi na kukaribia miti bila kujua. Jiandae kwa hilo kabla hujageuka kuelekea uwanjani, chagua sehemu moja ya kugusa, sio mwanzoni kabisa, na uangalie kama inasogea kwenye kioo.

Kasi ni mara 1.3 ya kasi ya kustoli kwenye mkao wa kutua, au ile ya kitabu ya kutua kwa kifupi, sio noti 10 juu yake kwa ajili ya amani ya moyo. Kasi ikizidi asilimia 10 umbali unazidi kama asilimia 20, na kibaya zaidi ndege inafika chini bado inataka kuruka, unakuwa na hamu ya kuilazimisha ishuke kwa kusukuma usukani, na hapo tairi la mbele linagusa kwanza. Karibu kila mguu wa mbele uliovunjika una hadithi inayoanza na kasi nyingi.

Flapu zote, kasi sahihi, unafika chini unavuta taratibu, unabakiza nguvu kidogo ya injini kama ardhi ni laini ili iguse polepole, matairi ya nyuma yanagusa ukiwa karibu na kustoli na pua iko juu. Usiishie hapo. Watu wakishagusa wanalegeza usukani kama kazi imeisha, pua inaanguka. Endelea kuvuta, kadri kasi inavyopungua vuta zaidi, mpaka usukani umefika mwisho na bado tairi la mbele liko hewani, litashuka lenyewe polepole likichoka. Breki acha, nyasi yenyewe inasimamisha. Kama ni lazima ufunge basi usukani uwe nyuma kabisa na ufunge kwa upole.

Ukidunda: mdundo mdogo, shikilia pua palepale, ongeza nguvu kidogo, iache itue tena. Mdundo mkubwa, au wa pili, nguvu zote na uondoke. Usiukimbize mdundo kwa usukani, we unachelewa ndege imeshaenda upande mwingine, wa tatu unakuwa wa pua. Na sehemu ya kughairi kutua iamue ukiwa bado mbali, kwa sababu viwanja vinavyopanda kuelekea mlima ukishapita sehemu fulani huwezi tena kupanda ukatoka, hapo kutua ni lazima hata kama kumeharibika.

Kurudisha flapu ukishagusa kunaongeza uzito kwenye matairi na kunazikinga na mawe, ila fanya tu kama umezoea na mkono hautakosea swichi. Kwenye ndege ya matairi ya kukunja acha mpaka usimame.

Hatua ya 7. Ukishasimama

Egesha sehemu ngumu, pua kuelekea upepo, funga kamba. Alafu zunguka ndege hata kama umechoka na abiria wanakuita. Pitisha vidole kwenye ukingo wa propela, kovu lolote lenye ncha fundi alilainishe kabla ya safari nyingine. Angalia chini ya mabawa ya mkia na flapu kama kuna mibonyeo ya mawe, mabomba ya breki kama hayajavutwa na majani, nyasi iliyojisokota kwenye ekseli, matope kwenye breki, chujio la hewa, mdomo wa hewa ya kupoza injini kama umejaa mbegu. Fungua kifuniko uangalie faya-woli pale mguu wa mbele unaposhikia, rangi iliyopasuka, ribiti zilizolegea au zenye alama nyeusi ya moshi pembeni, bati lililojikunja. Ukiona mojawapo ndege imelala hapo.

Ukilaza ndege nje usiku mmoja tu kwenye nyasi, asubuhi yake angalia viota vya ndege wa porini na nyigu kwenye injini na kwenye bomba la kupimia kasi, wanajenga haraka sana, na mwaga mafuta kidogo kutoka kila tenki utafute maji.

Na kama propela iligusa nyasi ndefu mpaka ukasikia injini inapungua mizunguko ghafla, hiyo ni ajali ya propela hata kama propela haina hata mkwaruzo. Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini za ndege, wanahesabu hivyo, mizunguko kushuka ghafla kwa kugonga maji, nyasi ndefu au kitu laini kinachofanana na hivyo, na injini inatakiwa ikaguliwe ndani kabla ya kuruka tena. Zima, piga simu kwa fundi, rudini kwa gari.